Nani Ataweza Kuuzima?

Tangu serikali itangaze nia ya kujenga mtambo wa umeme wa nyuklia Uyombo, kwetu Kilifi, kila anayejua kazi yangu huniuliza jambo moja. Mimi ni mtaalamu wa eksirei. Nimezaliwa Matsangoni, nafanya kazi Mombasa, na kila nikiingia zamu nabandika kifuani beji ndogo inayohesabu mionzi inayonifikia. Basi watu wananiona kama wakili wa mionzi. Mjomba wangu, mvuvi wa Mida, aliniuliza matangani mbele ya watu: "Wewe unayekaa nayo kila siku, hebu tuambie. Huo mtambo ni salama?"

"Mjomba," nikamwambia, "mimi ningeuliza kwanza ni nani atakayeweza kuuzima."

Hakuridhika, na sikumlaumu, maana matangani si mahali pa kueleza mambo marefu. Nayaeleza hapa.

Mtambo ule ule, wenye michoro ile ile na wahandisi wale wale, unaweza kuwa salama mwaka huu na ukawa hatari baada ya miaka kumi. Kinachobadilika ni kutu, uchovu wa vyuma, mazoea ya wafanyakazi, na hamu ya wakubwa ya kutosimamisha uzalishaji. Kwa hiyo anayekuambia "ni salama" akanyamaza hapo, hajakujibu. Akueleze ni nani anayekagua, anakagua nini, na akiona kasoro ana nguvu gani mkononi.

Nguvu hiyo niliiona kwa macho yangu nikiwa bado mgeni kazini, katika hospitali moja ya binafsi. Mkaguzi wa mionzi alikuja bila taarifa, kijana mpole mwenye begi jeusi. Akaniomba niweke chombo cha maji mahali anapolala mgonjwa, niwashe mashine, yeye akatoka nje na kufunga mlango. Akaanza kupitisha kipimo chake pembezoni mwa mlango, polepole, kutoka chini kwenda juu. Chini hakuna kitu. Katikati hakuna kitu. Alipokaribia kizingiti cha juu namba zikapanda. Bamba la madini ya risasi, yanayozuia mionzi, lililokuwa ndani ya mlango lilikuwa limeshuka kidogo kidogo kwa uzito wake, likaacha mwanya ambao kwa nje hakuna angeuona, kwa sababu mbao na rangi vilikuwa vizima kabisa. Na hapo nje ndipo foleni ya wagonjwa ilipokuwa ikisimama.

Mionzi yenyewe haikuwa ya kumwangusha mtu. Lakini sheria ina kiwango chake: raia wa kawaida asipate zaidi ya milisivati 1 (kipimo cha mionzi inayoingia mwilini) kwa mwaka kutokana na shughuli hizi, na mfanyakazi kama mimi wastani usizidi milisivati 20. Yule kijana aliandika karatasi, akaibandika mlangoni, na mashine ikafungwa mpaka mlango utengenezwe na kupimwa upya. Mwenye hospitali alipiga simu huku na huku, akapandisha sauti, akataja majina ya watu wazito. Kijana alimsikiliza kwa adabu, akafunga begi lake, akaondoka. Karatasi ikabaki pale. Hakuwa na askari wala bunduki. Alikuwa na sheria, na wakubwa zake hawakumpigia simu kumwambia alegeze.

Leo kazi hiyo iko chini ya Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia ya Kenya, KNRA, iliyoundwa kwa Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia ya mwaka 2019. Chombo hicho hicho kinachokagua chumba changu cha eksirei, mashine za kutibu saratani na vipimo vya mionzi vya viwandani, ndicho kitakachokaa mezani na kampuni ya mtambo wa mabilioni ya shilingi na kuamua ipewe leseni au isipewe. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi kuliko michoro ya mtambo.

Watu wengi wanadhani leseni ya mtambo wa nyuklia ni karatasi moja inayotolewa siku moja kwa sherehe. Sivyo. Kwanza eneo lenyewe huchunguzwa: tetemeko, mawimbi, mafuriko, upepo unakoelekea, maji ya chini ya ardhi, watu wanaoishi karibu. Halafu kibali cha kujenga. Halafu, mtambo ukiwa umekwisha kusimama, leseni ya kupakia mafuta ya urani na kuendesha. Na baada ya hapo masharti yanaendelea kila siku ya uhai wa mtambo, mpaka siku ya kuubomoa na kusafisha kiwanja. Kwa nchi nyingi zenye sheria nzuri, mzigo wa kuthibitisha usalama ni wa mwenye mtambo. Mdhibiti hana kazi ya kuthibitisha kwamba ni hatari.

Mfano wa nchi iliyoanza kutoka mwanzo kabisa ni Falme za Kiarabu, na ndugu zetu walioko kule Ghuba wanaufahamu: Barakah, katika pwani ya magharibi ya Abu Dhabi. Mdhibiti wao, FANR, aliundwa mwaka 2009, kabla tofali la kwanza halijawekwa. Mkurugenzi mkuu wake wa kwanza, William Travers, walimtoa Marekani, kwenye uongozi wa juu wa tume ya udhibiti ya kule, kwa sababu uzoefu huo nyumbani hawakuwa nao. Kibali cha kujenga vinu viwili vya kwanza, yaani vyombo ambamo atomi hupasuliwa, kilitoka Julai 2012. Ujenzi wa kinu cha kwanza ukatangazwa kukamilika Machi 2018, na rais wa Korea Kusini akaja kushuhudia. Lakini leseni ya kukiendesha haikutoka mpaka Februari 2020.

Kwa karibu miaka miwili mtambo uliokwisha kulipiwa ulikaa kimya jangwani. Saruji na vyuma vilikuwa tayari. Wanaotakiwa kuuendesha walikuwa bado wanathibitisha kwamba wanauweza. Mpaka leseni inatolewa, mdhibiti alikuwa amefanya ukaguzi zaidi ya 185 na kuomba maelezo ya ziada zaidi ya mara 2,000. Jiulize ingekuwa hapa kwetu, mtambo umemalizika, mkopo unazaa riba kila siku, uchaguzi unakaribia, na mkurugenzi wa KNRA anasema bado. Angekaa ofisini kwa muda gani?

Niseme kidogo kuhusu neno hili kuzima, maana hapa ndipo nyuklia inapotofautiana na jenereta ya hospitali. Fimbo za kudhibiti zikishushwa, mpasuko wa atomi husimama kwa sekunde chache. Lakini mabaki yaliyomo ndani ya mafuta yanaendelea kutoa joto, mwanzoni kama asilimia 6 au 7 ya joto la kawaida. Kwa kinu cha megawati 1,000 za umeme, ambacho ndani yake hutengeneza joto la takriban megawati 3,000, hiyo ni megawati 200 hivi baada ya kuzimwa. Ni kama jiko la makaa ulilofunika jivu: usidanganyike kwa kutoona moto. Maji lazima yaendelee kuzunguka, kwa siku nyingi, na pampu za maji zinataka umeme.

Fukushima, Japani, tarehe 11 Machi 2011, vinu vilivyokuwa vikifanya kazi vilijizima vyema tetemeko lilipopiga. Kilichoviua ni wimbi lililokuja baada ya hapo na kuzamisha jenereta. Ulinzi ulikuwa umekadiriwa kwa wimbi la mita 5.7. Ndani ya kampuni yenyewe, mwaka 2008, kulikuwa na hesabu iliyotoa mita 15.7, na ukuta haukuinuliwa. Mdhibiti wa wakati huo alikuwa idara chini ya wizara ile ile iliyokuwa ikiitangaza nyuklia. Tume iliyoundwa na Bunge la Japani ilisema wazi mwaka 2012 kwamba maafa yale yalisababishwa na binadamu, na kwamba mdhibiti na waliodhibitiwa walikuwa wameingiliana mno. Septemba mwaka huo wakaunda mamlaka mpya. Novemba 2024 mamlaka hiyo ilikataa rasmi kinu cha pili cha Tsuruga kisirudi kazini, kwa sababu haikuwezekana kuondoa shaka ya ufa hai wa ardhi chini yake. Kinu kizima, kilichokwisha kujengwa, kikakataliwa. Nilipoisoma habari ile nilimkumbuka yule kijana wa begi jeusi.

Lakini kisa ninachokirudia kila mara, na ninachotamani kila mbunge wetu akijue, hakina wimbi wala mlipuko. Kilitokea Marekani, katika mtambo wa Davis-Besse, kando ya Ziwa Erie, jimbo la Ohio.

Mapema mwaka 2001, katika mtambo mwingine uitwao Oconee, South Carolina, ziligunduliwa nyufa kwenye mabomba yanayopitisha fimbo za kudhibiti juu ya mfuniko wa kinu. Nyufa zilizunguka bomba, na bomba likikatika kabisa litaruka na maji ya kinu yatatoka kwa kishindo. Agosti mwaka huo Tume ya Udhibiti wa Nyuklia ya Marekani, NRC, ikaitaka mitambo ya aina hiyo ieleze imefanya ukaguzi gani, na iliyo katika hatari kubwa ikague kabla ya tarehe 31 Desemba. Davis-Besse ilikuwa kwenye kundi la hatari kubwa. Mwenye mtambo akasema: tuna mapumziko ya kubadilisha mafuta mwezi Machi, tuacheni mpaka hapo. Kuzima kabla ya wakati ni hasara.

Wataalamu wa NRC walikuwa wameandaa amri ya kuuzima. Rasimu ilikuwepo. Mwishowe wakakubaliana katikati: mtambo uendelee mpaka tarehe 16 Februari 2002.

Ukazimwa tarehe hiyo. Mafundi wakaanza kutengeneza bomba namba 3 lililokuwa na ufa. Walipokuwa wakiondoa mashine yao, bomba likaegemea upande. Bomba lililoshikwa na chuma kinene namna ile haliegemei. Wakasafisha, wakachungulia, wakakuta chuma hakipo. Mfuniko wa kinu, wenye unene wa zaidi ya sentimita 16, ulikuwa umeliwa kutoka juu mpaka chini na asidi ya boroni, ile inayochanganywa kwenye maji ya kinu, iliyokuwa ikivuja kidogo kidogo kwa miaka. Kilichobaki kuzuia maji yenye shinikizo la mara 150 hivi ya hewa tunayovuta ni utando wa ndani wa chuma cha pua usiofika sentimita moja. Utando ule haukuwekwa kubeba shinikizo. Kazi yake ni kuzuia kutu. Na ulikuwa umeanza kuvimba na kupata nyufa.

Dalili zilikuwepo, na hapa ndipo ninapoumia kama mtu wa kazi za vipimo. Mwaka 2000 ilipigwa picha ya mfuniko ule, ina michirizi myekundu ya kutu ikitiririka kutoka kwenye matundu ya ukaguzi. Vichujio vya hewa ndani ya jengo, ambavyo kwa kawaida hubadilishwa mara moja kwa mwezi, vilikuwa vikiziba kwa vumbi la kutu na kubadilishwa kila baada ya siku moja au mbili. Mtu alikuwa akivitoa, anaona wekundu, anaweka vipya, anarudi tena keshokutwa. Kila mtu alikuwa na kipande chake cha habari na hakuna aliyesema: subirini, hiki chuma kinatoka wapi?

Desemba 2002 mkaguzi mkuu wa ndani wa NRC aliandika kwamba uamuzi wa kuuacha mtambo uendelee baada ya Desemba ulichochewa kwa kiasi kikubwa na nia ya kuipunguzia kampuni hasara ya fedha. Mtambo ulikaa umezimwa mpaka Machi 2004. Mwaka 2005 kampuni ikatozwa faini ya dola milioni 5.45, na mwaka uliofuata ikakubali kulipa dola milioni 28 ili kumaliza kesi ya jinai kuhusu taarifa za uongo ilizompa mdhibiti.

Kumbuka hiyo ni Marekani. Nchi ambayo tayari mwaka 1974 ilivunja tume yake ya zamani ya atomiki kwa sababu ilikuwa inaitangaza nyuklia na kuidhibiti kwa wakati mmoja, ikaunda NRC iliyoanza kazi Januari 1975. Nchi ambayo kila mtambo una wakaguzi wa serikali wenye ofisi ndani ya uzio, wanaoingia chumba cha uendeshaji bila kubisha hodi, na ambao huhamishwa baada ya miaka kadhaa wasije wakazoeana mno na wenyeji. Pamoja na yote hayo, walibaki na utando wa chuma usiofika sentimita moja. Siandiki haya kuwatisha watu waikatae nyuklia. Naandika kwa sababu mlinzi mwenye sheria, fedha na wataalamu wengi aliteleza pale alipokubali kuangalia hasara ya mwenye mali kabla ya kuangalia kinu. Sisi tutateleza mara ngapi tukianza na mlinzi asiye na hata nusu ya hayo?

Afrika tuna mtambo mmoja tu wa umeme wa nyuklia unaofanya kazi, Koeberg, kilomita kama 30 kaskazini mwa Cape Town. Una vinu viwili, na kile cha kwanza kilianza kuuza umeme mwaka 1984. Leseni ya miaka 40 ilipokuwa inakwisha, mdhibiti wa Afrika Kusini alikiongezea kinu hicho miaka 20, Julai 2024, siku chache tu kabla ya muda kuisha, baada ya mitungi mikubwa ya kuzalisha mvuke kubadilishwa na vikao vya wananchi kufanyika. Wakazi wa karibu wanajua ving'ora vya dharura vinavyolia vikijaribiwa.

Kule kuna jambo lililotokea ambalo sisi tulitilie maanani. Sheria yao inataka bodi ya mdhibiti iwe na mwakilishi wa jamii. Mwakilishi huyo, Peter Becker, alikuwa na historia ya kuupinga mpango wa nyuklia. Februari 2022 waziri wa nishati, Gwede Mantashe, alimfukuza kwenye bodi. Becker akaenda mahakamani, na Januari 2023 mahakama kuu ya Western Cape ikasema kumfukuza kule kulikuwa kinyume cha sheria. Mimi sikubaliani na kila anachosema Becker kuhusu nyuklia. Lakini bodi ambayo waziri anaweza kumtoa anayeuliza maswali magumu haina tofauti na kutokuwa na bodi, na waliomrudisha walikuwa majaji. Basi nguvu ya kuuzima mtambo wa Koeberg, ukiifuata mpaka mwisho wake, inaishia mahakamani.

Sasa nirudi pwani, kwenye jambo ambalo wahandisi wakija barazani hulipitia haraka: barabara.

Long Island, New York, kulijengwa mtambo uitwao Shoreham. Katikati ya ujenzi ikatokea ajali ya mtambo wa nyuklia wa Three Mile Island, jimbo la Pennsylvania, Machi 1979, na NRC ikaongeza sharti: lazima kuwe na mpango wa dharura unaotekelezeka kwa watu walio ndani ya kama kilomita 16 kutoka kwenye mtambo. Februari 1983 baraza la kaunti ya Suffolk lilipiga kura na kusema kwamba kisiwa chao ni kirefu na chembamba, barabara zimejaa siku za kawaida, na hakuna namna ya kuwahamisha watu salama. Likakataa kushiriki katika mpango wowote. Gavana akaliunga mkono. Mtambo ulimalizika, ukajaribiwa kwa nguvu ndogo, ukapewa hata leseni kamili mwaka 1989, lakini haukuwahi kuuza umeme kibiashara. Ulikuwa umekula karibu dola bilioni 6. Ukauzwa kwa jimbo la New York kwa dola 1 na kubomolewa. Wenye mtambo hawakushindwa kwa sababu ya kinu. Walishindwa kwa sababu ya barabara, na kwa sababu hawakuwauliza wenyeji mapema.

Chora duara la kilomita 16 ukiweka sindano Uyombo. Watamu imo. Gede imo. Mida, Matsangoni, nyumbani kwa mama yangu, zote zimo, pamoja na hoteli za watalii, mikoko ya Mida Creek, na kipande kikubwa cha msitu wa Arabuko-Sokoke. Barabara kuu ni moja, Mombasa–Malindi. Ukielekea kusini unavuka daraja la Kilifi, ukielekea kaskazini zaidi ya Malindi unavuka daraja la Sabaki. Magharibi ni msitu na njia za vumbi ambazo mvua ya masika huzigeuza tope. Mashariki ni bahari. Yeyote aliyekwama kwenye foleni ya Mtwapa jioni ya sikukuu anaweza kujaza sehemu iliyobaki ya hoja hii mwenyewe.

Sisemi jambo hili haliwezi kutatuliwa. Barabara hujengwa, ving'ora huwekwa, vidonge vya iodini vya kulinda tezi ya shingo hutunzwa kwenye zahanati, walimu hufundishwa watoto wapelekwe wapi na nani. Ila vyote hivyo vinaandikwa kwenye ombi la leseni, na mdhibiti mwenye nguvu hakubali vibaki maneno. Anataka mazoezi yafanyike, watu watolewe kweli, muda upimwe. Na nani atamweleza mvuvi aliye mbele ya mwamba, simu kaiacha nyumbani isilowe, kwamba king'ora kimelia? Mjomba wangu ana haki ya kujibiwa hilo kwa maandishi.

Wakazi wa Uyombo walipeleka malalamiko yao bungeni mwaka 2023. Mei 2024 waliandamana, wakakabiliwa na polisi, wakapigwa. Ilikuwa aibu, na ni aibu inayogusa usalama wenyewe moja kwa moja. Mfumo mzima wa leseni unategemea mtu wa chini kuweza kusema "nimeona kutu" bila kuogopa. Fundi wa vichujio, nesi, mvuvi, mwanakijiji barazani. Nchi inayompiga mwanakijiji kwa kuuliza swali kabla ya mtambo kujengwa inamfundisha fundi wa kesho anyamaze.

Baadaye, mwaka 2025, mazungumzo yakahamia Siaya, kando ya Ziwa Victoria, na wengi nyumbani wakashusha pumzi. Mimi sikushusha. Ndugu zetu wa Siaya nao ni watu, nao wana ziwa linalolisha nchi tatu, na mdhibiti atakayekaa mezani kule ni yule yule. Yale tuliyouliza Kilifi yanatakiwa yaende nao kama yalivyo.

Kwenye karatasi hatujaanza vibaya. Sheria mbili za mwaka 2019 zilitenganisha kazi: NuPEA, wakala wa serikali wa nishati ya nyuklia, ni ya kupanga na kuendeleza nyuklia, KNRA ni ya kudhibiti. Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, IAEA, limekuja kutupima mwaka 2015 na kurudi 2021. Ila kwa usalama wa mitambo IAEA hushauri tu. Haina leseni ya kutoa wala mtambo wa kuzima. Hayo yanabaki mikononi mwa kila nchi.

Kwa hiyo nikipewa kipaza sauti kwenye kikao cha wananchi, popote kitakapofanyika, nitauliza haya. Wakaguzi wa KNRA watakaokaa ndani ya uzio ni wangapi, wameshafundishwa kwenye mtambo upi, na mshahara wao utafikia ule wa wahandisi wanaowakagua, au watavutwa na kampuni baada ya miaka miwili? Ripoti za ukaguzi zitawekwa hadharani, kwa Kiswahili, bila mtu kuandika barua ya kuomba? Waziri anaweza kumwondoa mkurugenzi wa mamlaka kwa sababu gani, na kwa utaratibu upi? Kaunti ina sauti gani katika mpango wa dharura, na ikisema hautekelezeki, nini kinafuata?

Na nitauliza kuhusu mafuta yaliyotumika, maana leseni haiishi umeme ukikatwa. Huko Koeberg taka za daraja la chini na la kati hupelekwa Vaalputs, jangwani Northern Cape, lakini mafuta yaliyotumika, yale makali kabisa, bado yanatunzwa pale pale mtamboni baada ya miaka yote hii. Marekani mwenye mtambo analazimika kutenga fedha za kuubomoa tangu ungali unafanya kazi, na mdhibiti hukagua hesabu hizo. Nataka kuona kifungu hicho kwenye rasimu yetu, nione mfuko utakuwa wa shilingi ngapi, utakaa benki gani, na ni nani asiyeruhusiwa kuugusa.